Mkono Uliosimamisha Saa

Manyoni haikosi upepo. Jumamosi alasiri, upepo ulipoanza kuyatikisa maturubai ya sokoni, wapenzi wa saa walikuwa wameshaketi kwenye meza yao nyuma ya mgahawa wa Evodia. Evodia aliwawekea meza hiyo kwa hiari yake. Kila Jumamosi aliitandika kitambaa cheupe, kwa sababu aliwahi kumwona Mzee Mazengo akiifuta kwa mkono wa shati lake kabla ya kuweka saa, akalionea shati huruma.

Walikuwa wanne. Mzee Mazengo alikuwa mstaafu wa reli, na saa zake zote za mkononi zilikuwa za kutia ufunguo. Alizitia kila asubuhi, moja baada ya nyingine, kama mtu anayelisha kuku wake. Gasto alikuwa dereva wa lori la alizeti, na yeye alipenda otomatiki, saa zisizotaka betri wala ufunguo, zinazojijaza nguvu zenyewe kwa jinsi mkono wa mvaaji unavyocheza. Manase, fundi saa wa karibu na stendi, alikusanya zile ambazo wenzake walikuwa wameshazitupa. Wa nne alikuwa Rahabu, mkunga mstaafu, ambaye mji mzima ulimwita Nesi. Yeye alipenda saa yenye mshale wa sekunde unaoonekana vizuri, maana kwa saa za namna hiyo alihesabu mapigo ya moyo ya watu tangu akiwa msichana. Gasto mwenyewe alizaliwa mikononi mwake, na Rahabu hakuacha kumkumbusha kila alipoanza majivuno.

"Hii nimeitoa Kariakoo," Gasto alisema siku moja, mkono ameunyoosha katikati ya meza. "Angalieni mishale inavyong'aa. Hata gizani unaiona."

"Wewe ulizaliwa gizani," Rahabu akamjibu. "Umeme ulikatika. Nilikuona bila kung'aa."

Mazengo alicheka mpaka chai ikampalia.

Walikuwa na taratibu zao. Redio ya Evodia ilipotoa mlio wa saa kumi, kila mmoja alitazama saa yake aone imekimbia kiasi gani au imesinzia kiasi gani tangu Jumamosi iliyopita. Iliyokimbia ilitaniwa, iliyosinzia ilitaniwa zaidi. Na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi waliazimana. Saa moja ya kila mtu iliwekwa kwenye kitambaa, mtu akafumba macho na kuokota, akaenda nayo nyumbani kuivaa wiki nzima. Mazengo ndiye aliyeuanzisha mtindo huo. Alisema saa ya mwenzako ukiiona mezani tu hujaijua, mpaka ulale nayo na uamke nayo.

Saa ambayo Rahabu aliipenda kuliko zote ilikuwa otomatiki yenye uso wa kijani, aliyoinunua Tabora alipomaliza masomo ya ukunga. Ilikuwa imeingia wodini naye, ikanyunyiziwa maji na damu na dawa, na haikuwahi kumwangusha.

Ikaanza kusimama.

"Uzee," Manase alisema, akiiweka sikioni. "Mafuta yamekauka ndani. Niachie."

Aliisafisha, akaivaa mwenyewe siku kadhaa ili aijaribu, ikaenda bila kukosea. Akamrudishia Rahabu. Ikasimama. Akaichukua tena, akaifungua tena, akaivaa tena, ikaenda. Manase hakukubali kulipwa. Alisema saa hiyo imemfanya aonekane mwongo mbele ya mteja, kwa hiyo deni ni lake.

Rahabu alimshukuru, akaficha mkono wake chini ya kitenge.

Kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Asubuhi moja, kabla ya saa kuanza matatizo yake, aliamka mkono wa kushoto ukiwa mzito kama si wake. Kikombe kilimponyoka. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akashika mapigo yake mwenyewe, akajitazama mdomo kwenye kioo, akajua ni nini. Angekuwa mgonjwa wake, angemkaripia kwa nini bado yuko nyumbani. Lakini hakwenda hospitali. Kufikia jioni mkono ulikuwa umerudi, ila haukurudi wote.

Sababu ya kunyamaza ilikuwa Christopher, mwanawe wa pekee, aliyekuwa akifanya kazi Mwanza. Christopher alikuwa amejenga, na katika nyumba hiyo kulikuwa na chumba cha mama chenye kitanda, kabati na pazia. Kila alipopiga simu alisema, "Mama, siku nikisikia unaumwa, hata kama ni mafua, nakuja kukuchukua." Alisema kwa mapenzi kabisa, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Mtoto mkorofi unaweza kumkatalia. Mtoto mwema unamkataliaje? Rahabu hakutaka kuondoka Manyoni. Alitaka kuzeekea mahali ambapo akipita njiani watu wanamwamkia kwa majina ambayo aliyasikia yakitolewa siku walipozaliwa. Basi akaamua kwamba mkono huo mtu yeyote asiujue. Mkoba aliutundika kwenye kiwiko cha kushoto ili kiwe na kazi. Chai aliinywa kwa mkono wa kulia tu. Saa aliendelea kuivaa kushoto, kama siku zote, kwa sababu kufunga mkanda kwenye mkono wa kulia kungehitaji vidole vya kushoto, na vidole hivyo havikutaka tena kazi ndogondogo.

Kwamba mkono na saa vilikuwa ugonjwa mmoja, hilo hakulijua mpaka Jumapili moja baada ya ibada. Alitaka kuuchua mkono kwa mafuta, akaogopa mkanda wa ngozi usije ukalowa. Akaihamishia saa kulia, akaufunga mkanda kwa kusaidiana na meno. Alipomaliza kuchua hakuwa na nguvu ya kuirudisha. Akafagia uwanja nayo hivyohivyo, akasonga ugali nayo, akalala nayo. Asubuhi ilikuwa inatembea. Akairudisha kushoto. Kesho yake ilikuwa imesimama.

Rahabu aliitazama kwa muda mrefu. Saa ilikuwa nzima. Ilikosa chakula tu, kwa kuwa mkono uliokuwa ukiilisha ulikuwa umeacha kutembea.

"Nisamehe, mwenzangu," aliiambia. "Nimekusingizia."

Tangu hapo akawa anaivua asubuhi na jioni, anaitikisa kwa mkono wa kulia mpaka bega linauma, halafu anaivaa tena kushoto. Jumamosi ilipofika ilikuwa inatembea, na Manase akapongezwa na wote kwa ufundi. Rahabu alimwona akijinyoosha kwenye kiti kwa furaha, akaona aibu.

Ikafika Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Gasto aliweka kwenye kitambaa saa ambayo wenzake hawakuwahi kuiona. Aliipata Dodoma, kwa mzee aliyekuwa anafunga duka lake la miaka mingi, ikiwa bado kwenye boksi lake. Nyuma yake ilikuwa na karatasi nyembamba ya rangi ya buluu iliyobandikwa kiwandani.

"Oneni hiyo karatasi," Gasto alisema, sauti ameishusha kama yuko kanisani. "Maana yake haijawahi kufunguliwa. Bisibisi haijawahi kuigusa tangu izaliwe. Ukishaibandua tu, imekuwa saa kama saa zingine."

"Na unaiweka hapa tuiokote?" Manase alimuuliza. "Una moyo."

"Utaratibu ni utaratibu. Nikianza kuficha nzuri, tutakuwa tunaazimana takataka."

Rahabu alifumba macho, akaokota. Ilikuwa hiyo. Hakuweza kuikataa, maana kukataa saa ya mwenzako pale mezani lilikuwa jambo ambalo halijawahi kufanyika. Gasto mwenyewe alimfunga mkanda, taratibu, akihakikisha haumbani.

Wiki nzima aliilinda saa hiyo kama mtu anayechunga yai, akiitikisa asubuhi na jioni. Lakini Ijumaa jirani yake Lucy alishikwa na uchungu, wakamwita Nesi akae naye wakati gari linatafutwa. Akakaa, akamshika mgongo, akamsindikiza hadi hospitali, akarudi amechoka, akalala na nguo zake. Jumamosi hakukumbuka kuitikisa saa. Alikuja mgahawani anasimulia habari za mtoto wa Lucy, msichana mwenye nywele nyingi, na Gasto akamshika mkono kwa furaha aione saa yake.

Furaha ikamtoka usoni.

"Imesimama."

Mlio wa saa kumi ulikuwa bado haujapigwa. Mishale ya saa ya Gasto ilionyesha saa tisa kasorobo, na Rahabu alijua ni za usiku.

"Nesi, uliiangusha?"

"Sikuiangusha, mwanangu."

"Haikugonga mahali? Mlangoni? Kwenye ndoo?"

"Haikugonga."

Gasto hakupandisha sauti. Aliivua kutoka mkononi mwa Rahabu, akaitikisa kidogo, mshale wa sekunde ukaanza kutembea. Lakini hakufurahi. Aliwahi kusikia Manase akieleza jinsi mafuta yanavyoganda kwenye saa iliyokaa dukani miaka mingi, na jinsi chuma kinavyolana na chuma.

"Fundi," alisema, "unaonaje?"

Manase aliigeuza, akaitazama karatasi ya buluu. "Bila kufungua siwezi kusema. Inawezekana hakuna kitu. Inawezekana inajila. Ukiendelea kuivaa hivi na kweli inajila, utakuja kuvaa bati."

"Na ukifungua, karatasi inakwenda."

"Karatasi inakwenda."

Evodia alikuja na chai, akaona nyuso, akarudi nayo.

"Subirini," Mzee Mazengo alisema ghafla. "Mimi nilipita kwa Nesi siku ya Alhamisi. Nikaiomba niitazame. Nadhani nilipoirudisha niliigongesha kwenye meza. Ndiyo, niliigongesha. Kama kuna lawama, ni yangu."

Rahabu alimtazama. Mazengo hakuwa amefika kwake Alhamisi. Mzee huyo, ambaye alishika saa ya mtu kwa vidole viwili kama ameshika kifaranga, ambaye katika maisha yake yote ya reli alijivunia kwamba hakuwahi kuvunja hata taa, alikuwa anajitwisha kosa mbele ya wote. Hakujua lolote kuhusu mkono. Alidhani tu kwamba Rahabu ameiangusha, na hakutaka aaibike.

"Basi ifungue," Gasto alisema kwa upole. "Mzee, usijali. Ni chuma tu. Ifungue, Manase."

Manase alifungua mfuko wake wa vifaa, akatoa kisu chembamba, akakiweka kwenye ukingo wa karatasi ya buluu.

Rahabu aliona chumba cha Mwanza chenye pazia. Aliona pia kile kisu.

"Usiifungue," alisema. "Saa haina kitu. Mgonjwa ni mimi."

Alitoa mkono wa kushoto chini ya kitenge, akauweka juu ya kitambaa cheupe, mahali zinapowekwa saa. Ulilala pale, vidole vimejikunja kidogo. Akawaeleza yote: kikombe, kioo, saa ya kijani iliyotembea kulia na kusimama kushoto, kutikisa asubuhi na jioni. Alieleza kwa ufupi na kwa mpangilio, kama alivyokuwa akimweleza daktari habari za mgonjwa wa wodini.

Manase alirudisha kisu kwenye mfuko. Gasto hakuichukua saa yake. Aliuchukua ule mkono.

"Nibane, mama," alisema. "Kwa nguvu zako zote."

Rahabu akabana. Gasto alingoja, kisha akaelewa kwamba ameshabanwa.

"Jumamosi ngapi tumeushika mkono huu?" alisema. "Tunaugeuza hivi, tunaugeuza hivi. Tunaangalia saa."

"Na mimi?" Manase alisema. "Nimeifungua saa mara mbili. Nimetafuta ugonjwa na miwani ya fundi, mgonjwa yuko mbele yangu anakunywa chai."

"Nilitaka msione," Rahabu alisema. "Msijilaumu. Nina uzoefu wa kuficha. Nimefanya kazi na madaktari."

Hakuna aliyecheka sana, lakini ilisaidia. Evodia alikuwa ameshavua aproni. Alimwekea Rahabu kanga mabegani kwa ajili ya upepo, na wote watano wakaenda hospitali, Mazengo akiwa ameubeba mkoba wa Rahabu kwa mikono miwili. Njiani alimsogelea.

"Alhamisi sikuja kwako," alisema chinichini.

"Najua, mzee wangu. Asante kwa kuja."

Daktari alipima presha, akatikisa kichwa. Alisema kilikuwa kiharusi kidogo, na kwamba Rahabu ana bahati hakikurudi kikubwa. Alimwandikia dawa za kila siku na mazoezi ya mkono pale pale hospitalini, mara tatu kwa wiki. Kisha akamuuliza kwa adabu yeye mwenyewe angemgombeza vipi mgonjwa kama huyo. Rahabu alijigombeza kidogo, daktari akaridhika.

Jioni hiyo alimpigia Christopher, na hakumwachia mtu mwingine ampigie.

Christopher alifika kesho yake. Alikuwa mtu mkubwa sasa, mwenye kitambi na miwani, lakini aliingia nyumbani akiita "Mama, mama" kama mtoto anayetoka shuleni. Aliushika mkono wa kushoto, akakaa nao mapajani muda mrefu.

"Ungeniambia."

"Ungenichukua."

"Ningekuchukua, ndiyo."

"Ndiyo maana sikukuambia."

Christopher alivua miwani, akaifuta. "Mama, kule una chumba. Hospitali ni kubwa. Mke wangu anakuulizia kila siku. Unaogopa nini?"

Rahabu alikuwa amejiandaa kusema mambo mengi ya kuzungukazunguka. Aliyaacha.

"Siogopi. Sitaki tu. Najua unanipenda, na mkwe wangu ananipenda. Lakini kwako kazi yangu itakuwa kukusubiri urudi jioni. Hapa nikichelewa kutoka Jumamosi, watu wananigongea mlango."

"Hawakuona mkono wako."

"Niliwaficha. Nao waliulizia saa yangu kila wiki. Huo ulikuwa mwanzo wa kuniulizia mimi."

Usiku ule mama alimsikia akigeukageuka chumba cha pili.

Jumatatu ilikuwa siku ya kwanza ya mazoezi. Asubuhi lori la Gasto lilisimama mlangoni. Gasto alimwamkia Rahabu, akampa Christopher mkono, kisha akashusha kigoda cha Evodia, akakiweka chini ya mlango wa lori, akakipangusa vumbi kwa kiganja, akakijaribu kwa mguu wake mwenyewe kama kinayumba. Christopher alikuwa amesimama kando anatazama. Ndani ya lori, kwenye kiti, kulikuwa na mto uliofungwa kamba usiteleze. Mzee Mazengo alikuwa ameshapanda, amevaa koti la siku za ibada.

"Mbukwenyi," aliwasalimu kwa Kigogo. "Twende, nesi wa mazoezi hapendi wachelewaji. Nimeshaulizia."

Hospitalini, Rahabu aliinua mkono, akaushusha, akabana mpira, akaudondosha, Mazengo akauokota, ukadondoka tena, akauokota tena. Christopher alikaa pembeni ya Mazengo kwenye benchi.

"Mzee, shikamoo."

"Marahaba, baba."

"Akizidiwa, nani ataniambia?"

"Nitakupigia mimi. Hata akinikataza."

"Nimesikia," Rahabu alisema kutoka kwenye mazoezi yake.

"Nimesema ili usikie," Mazengo akajibu.

Christopher alikaa Manyoni mpaka Jumamosi ikapita. Aliona mama yake anavyoivaa saa ya kijani kushoto kwa makusudi, akikataa ushauri wa Manase wa kuihamishia mkono mzima. "Kulia itatembea nami nitaridhika," alimwambia Manase. "Kushoto itaniambia ukweli." Asubuhi mbili Rahabu aliikuta imesimama, akainuka akafanya mazoezi zaidi, akinung'unika. Christopher aliona wazee na vijana wakibishana kwa uchungu kuhusu saa iliyosinzia sekunde chache, na yule dereva mkubwa akimkatia mama yake andazi vipande vidogo bila kukatisha ubishi.

"Sawa," alimwambia mama yake usiku huo wakila. "Kaa. Lakini usinifiche tena. Ukinificha sitauliza, nitakuja na gari."

"Sitakuficha, mwanangu."

"Na mwezi wa kumi na mbili unakuja Mwanza. Kutembea tu."

"Kutembea tu, nitakuja."

Jumapili walimsindikiza hadi barabara kuu kupanda basi, Rahabu, Gasto na Mazengo. Christopher alimkumbatia mama yake, akampa Gasto namba zake mbili, akapanda. Basi likaondoka. Rahabu akataka kumpungia, akaanza na mkono wa kulia kwa mazoea. Akaushusha. Akauinua wa kushoto.

Ulikwenda polepole. Ulifika kiunoni, ukafika kifuani, ukatetemeka, ukafika usawa wa bega na kukaa pale umenyooka barabarani.

Basi likapunguza mwendo. Likawasha taa, likasimama mbele kidogo. Kondakta akachungulia mlangoni.

"Bibi, unakwenda wapi? Singida? Nzega? Nafasi ipo!"

"Hakuna anayekwenda!" Gasto alipiga kelele akikimbilia basi. "Anaaga tu! Nendeni!"

Kichwa cha Christopher kilitokeza dirishani. "Mama! Kuna nini?"

"Hakuna kitu!" Rahabu alimjibu, mkono bado uko hewani. "Nakuaga!"